Mama Mkwe Ameacha Kuoga kwa Sababu ya Pipa Langu

Mama Clotilde, nakusalimu kwa heshima na naomba unisaidie kabla ndoa yangu haijaharibika. Mimi ni Bashige, tunaishi Mapendo ndani ya gari-nyumba, yaani basi dogo lenye kitanda, jiko na dushi, ambalo mtalii mmoja aliniachia injini ilipomfia, nami nikaliweka juu ya mawe ya volkano katikati ya kiwanja chetu tukisubiri nyumba ya mbao ikamilike. Sasa Mama, unajua maji ya mtaa wetu, leo yapo kesho hayapo, kwa hiyo nilichukua pipa la lita mia mbili nikalisimamisha ndani ya dushi, nikawa nalijaza kila maji yakija, na sisi tukaoga nje nyuma ya mabati kama watu wote, pipa likakaa pale miezi miwili mpaka tuliposikia kwamba mama mkwe wangu, Mama Nyirarukundo, anashuka kutoka Kalengera kumwona mjukuu wake Mahoro. Ndipo nikatoa pipa ili mama apate mahali pa heshima pa kuogea, na chini yake nikakuta beseni la dushi, lile la plastiki ambalo mtu anasimama juu yake, lina ufa mrefu kama mkono wangu. Nilitandika kapeti juu yake.

Siku ya pili baada ya kufika, mama akaingia kuoga, beseni likalia “kraa!”, maji yote yakamwagikia chini ya gari juu ya kuku aliyekuwa analalia mayai, kuku akatoka na kelele mtaa mzima ukasikia, na mimi nilikuwa nimesimama palepale, na wewe unajua mtu hawezi kumuuliza mama mkwe habari za kuoga, basi nikajifanya natafuta nyundo. Mama alipoenda kanisani nikachanganya saruji na changarawe nikamwaga juu ya ufa, maana hapa kwetu hakuna kitu ambacho saruji haijatengeneza, lakini gari linatikisika kila tukitembea ndani, saruji ikapasuka baada ya siku mbili, sasa nyufa ni tatu na mbao za chini zimeanza kunuka.

Kibaya zaidi, mama hagusi dushi tena, anajipangusa tu na kitambaa, na chakula anarudisha nusu ya sahani. Juzi nikamsikia anamwambia mke wangu Uwimbabazi, “Mutoto wangu, miye niko muzito sana, nilivunja nyumba ya bwana yako. Acha nirudie kwangu.” Na karatasi ya senta ya afya inasema ana kilo sitini na sita tu. Anaondoka Jumamosi. Mke wangu amenuna, anasema ninamwangalia mama yake vibaya, na mimi nimenyamaza kwa sababu ya heshima. Je, Mama Clotilde, kuna saruji ya aina nyingine yenye nguvu zaidi?

Bashige, Mapendo

*

Papa Bashige, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na nilimhurumia kuku. Mara ya pili nilikasirika, maana mama wa watu anakaa na njaa nyumbani kwako na wewe unaniuliza habari za saruji.

Saruji ni ya kitu kisichotembea. Plastiki inajikunja kidogo kila mtu akiikanyaga, saruji haijikunji, kwa hiyo lazima ipasuke. Ivunje polepole kwa patasi, toa beseni lote, mbao zilizooza uzibadilishe na zilizolowa uziache zikauke kabisa. Kisha shuka ziwani kwa mafundi wa boti za fibre, yaani nyuzi za kioo, uombe kitambaa chao na gundi yake. Toboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, sugua plastiki kwa msasa, bandika vitambaa viwili kwa upande wa chini, na ufungue madirisha maana gundi ile inalewesha. Kabla ya kulirudisha beseni, jaza mbao ule uwazi ulio chini yake. Ukiligonga likalia kama ngoma, bado hujamaliza. Na pipa likae nje, Papa Bashige, nimesema nje.

Sasa tuje kwenye ufa wenyewe. Heshima ya mkwe ipo ili mama asiaibike, na wewe umeitumia kujificha. Umemwacha mwanamke mzima aamini kwamba mwili wake unabomoa nyumba za watu. Hilo ni baya, na unajua ni baya, ndiyo sababu umeandika barua ndefu hivyo.

Hutahitaji kumtajia kuoga. Leo, mama akiwa ameketi mlangoni, wewe kaa nje umpe mgongo, uongee na mke wako kwa sauti inayofika: “Mama Mahoro, ile dushi niliipasua miye na pipa yangu, mbele mama afike. Nilifunika na kapeti.” Mke wako atakugombeza. Mwache akugombeze mpaka achoke, mama naye asikie kila neno.

Halafu fanya hesabu kwa sauti ileile. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa lako lilikuwa mama mkwe watatu, wamesimama juu ya beseni lile usiku na mchana kwa miezi miwili, bila hata mmoja kushuka kwenda kula.

Beseni linaweza kusubiri wiki nzima, lakini maneno haya hayasubiri Jumamosi. Ukimaliza kusema, mke wako ampakulie mama yake, na wewe usitoe neno, angalia tu sahani. Ikirudi tupu, ndipo ushike patasi.