Maswali Tatu ku Santre ya Musonoi

Jumatatu, tarehe 7 Octobre 2024

Bantu ba université balirudia! Mi nilifikiri hatutabaona tena. Mwaka jana balipita hapa mu kartie yetu ya Musonoi nyumba kwa nyumba, baliuliza bazazi namna banalea batoto, baliandika, balienda. Tata Nkongolo, chef yetu hapa ku santre ya afya, alikuwa anacheka tu: banahesabu bidonda byetu, kisha banapata diplôme.

Leo Mama Angèle, wa santre ya utafiti ya université, alituletea majibu. Kupiga batoto kulipungua ku zile nyumba infirmière aliongea na muzazi mara kwa mara, bila kumutukana. Kisha akatuuliza: hapa kwenu, hii kazi inaweza kufanyika namna gani? Akatuuliza sisi! Miaka kumi na saba ninavaa hii blouse ya infirmière, hakuna mwenye masomo mingi aliyeniuliza kitu.

Alhamisi, tarehe 10 Octobre

Fishi yabo, karatasi ya kuuliza bazazi: maswali kumi na ine, yote français. Nikasema, Mama Angèle, asubuhi niko na bamama makumi ine ku banc, batoto banalia. Nani atangojea? Hakukasirika. Alikamata bic, kalamu yake, akakata maswali.

Swali ya kwanza ilikuwa: unatesaka mutoto? Nilicheka. Nani atajibu ndiyo? Tukaandika ya kwetu. «Wakati mutoto anakuchokesha kabisa, unafanyaka nini?» Ya pili: «Nani anakusaidiaka?» Ya tatu niliitoa mi: «Kuko siku uliogopa mukono yako mwenyewe?»

Mama Angèle akaiandika.

Mangaribi, nikisonga bukari, ugali yetu, ile ya tatu ikanirudilia. Louis, mutoto yangu. Mukaba ya suruali ya baba yake, lakini ku mukono yangu mi, nikimupiga. Alikuwa na miaka nane. Eh, mi Mushiya.

Jumanne, tarehe 15 Octobre

Bilonda, muke ya Muteba, alileta mutoto yake Tania. Miaka sita. Mukono iliungua. Alisema: alianguka ku mbabula, jiko ya makaa. Lakini mutoto akianguka, anajishika na kiganja. Hii alama ilikuwa nyuma ya mukono, ndogo, ya mviringo. Kijiko.

Niliosha, nikaweka dawa, nikamupa Tania biskuti. Kisha maswali. Ya pili alijibu mbio: hakuna muntu. Bwana yake Muteba anachimba madini kule Tenke, anarudiaka kisha wiki tatu. Ya tatu — alilia mpaka kitenge ikalowa. Mutoto aliiba sukari, njo yeye Bilonda akapasha kijiko ku moto. «Mama yangu alinifanya vile. Nilifikiri njo kulea.»

Tata Nkongolo alinivuta pembeni: usiite ba affaires sociales, bale bantu ba serikali, bamama bataogopa kuja tena! Lakini tulipatana na Mama Angèle, sisi bote: mutoto akichomwa, tunaita. Nikamuambia Bilonda kabla, mbele ya kupiga simu, si nyuma ya mugongo yake. Akauliza: batanipokonya mutoto? Nilisema sijui. Kweli sikujua.

Ijumaa, tarehe 18 Octobre

Tata Blanchard, assistant social wa affaires sociales, alikuja na taxi-moto, vumbi mpaka ku masikio. Aliongea na Bilonda muda murefu, pole pole. Mutoto haendi ku orphelinat, nyumba ya bayatima! Atalala kwa tantine yake Kapinga, ndugu yabo, kule kartie ya Manika, wiki tatu. Bilonda atamuona kila siku, na ataingia mu kikundi ya bazazi ya hapa ku santre.

Muteba alimupigia Blanchard simu toka Tenke. Makelele! Nani aliwaruhusu kuingia mu nyumba yangu? Blanchard alimuacha amalize. Kisha akasema: «Tata, mutoto anauliza utarudi siku gani.»

Muteba akashusha sauti.

Jumamosi, tarehe 9 Novembre

Kikundi. Bamama tisa, batata babili — babili! Mumoja Muteba, aliyefika toka Tenke. Alikunja mikono tangu mwanzo. Ku mwisho tu alisema: «Mi nililelewa na fimbo ya waya. Sikujua kuko namna ingine.» Hakuna aliyecheka.

Mama Angèle hakufundisha. Alikaa nyuma, akaandika maneno ya bamama. Mu kitabu ya bantu ba université banasema: ukisikia hasira, ita jirani. Bilonda akasema, jirani yangu? Hatusalimiane tangu Pasaka! Hapo tulicheka sana. Tukatafuta ingine. Mumoja akasema: basi mwenye hasira akuje hapa ku santre. Mama Angèle: hii haiko mu kitabu, tutaiweka.

Tania alirudia kwabo jana. Blanchard atapita kila wiki.

Nilimupigia Louis simu, kule Lubumbashi. Nikamuambia habari ya mukaba. «Nakumbuka, mama.» Basi, ile tu. Lakini hakukata simu.

Jumanne, tarehe 19 Novembre

Naandika hapa hapa ku kazi. Ni asubuhi. Bilonda aliingia anakimbia, amebeba Tania. Niliangalia mikono, miguu, mugongo. Hakuna kitu! Hata alama moja!

«Mama Mushiya, aliangusha telefone ya Muteba mu maji. Mukono yangu inaanza kupata moto. Munishikie mutoto.»

Akamuweka ku mapaja yangu, akatoka, akakaa inje ku ngazi.

Alikuja mbele, kabla ya kupiga. Mbele!

Tata Nkongolo aliona yote. Mi nilingojea neno yake. Alibeba kiti yake ya ofisi, akaenda kukaa karibu na Bilonda. Sasa banaongea, sisikii nini.

Tania ananiomba bic, namupa ingine. Anachora ku nyuma ya fishi — nyumba, na muntu mwenye mikono mirefu sana. Muteba hajarudia Tenke bado. Tulimuita ku telefone yake ingine, ile ya kazi. Ku simu alisema neno moja, «nakuja», hatukujua kama ni hasira.

Pikipiki inasimama ku mulango. Njo yeye, Muteba. Bilonda hakimbii. Anasimama, anamuangalia, anamuambia: «Telefone yako iko mu maji, lakini sikumupiga mutoto», na Muteba anakaa karibu yake ku ngazi.