Nilivifua Vitambaa vya Bastola za Baba

Alhamisi, Abu Hamour, huku Uarabuni. Vumbi tangu asubuhi, jua limefifia, na moyo wangu hauko mahali pake.

Nimeharibu. Naandika hapa kwa sababu nisipolitoa mahali nitapasuka.

Baba, mzee ninayemtunza, hukusanya bastola za kale. Nyingi ni za gumegume, zile za kulipuliwa kwa cheche za jiwe, zenye mipini ya fedha, hazina risasi na zote zina kibali. Alikuwa ameziweka sandukuni, kila moja imefungwa kwa kitambaa cha kijani, cheupe au cha bluu. Baada ya alasiri alikuwa akizifuta mwenyewe, mimi namshikia chupa ya mafuta. Kuzigusa, hapana.

Mwezi uliopita akapata kiharusi. Alipolazwa nikaona nimwandalie nyumba. Nilifua mapazia, nikafua foronya, halafu hii mikono yangu isiyojua kutulia ikafika kwenye lile sanduku. Vitambaa vilinuka mafuta. Nikavifua vyote, nikavipiga pasi, nikazifunga bastola upya, kila moja kwa rangi niliyoona inaipendeza. Nikajisifu hata, mjinga mimi.

Jana Baba amerudi. Mdomo umekwenda upande na sauti hana. Leo watoto wake watatu wamekuja, na Madam Maryam, binti mkubwa, akawakumbusha wenzake kwamba baba yao alishawagawia bastola hizo mapema ili wasije wakagombana. Za kijani ni zake yeye, nyeupe za kaka yao, za bluu za kitindamimba. Kesho baada ya sala ya Ijumaa kila mtu achukue rangi yake.

Rangi zenyewe ndizo nilizozichanganya mimi.

Wakamfungulia sanduku aone. Akatazama, akatazama tena, machozi yakaanza kumtoka. "Baba amefurahi," akasema Madam, akambusu kichwani. Ile haikuwa furaha. Nimemlisha huyu mzee miaka yote hii, uso wake naujua. Kisha akanigeukia mimi.

Hakuna mwingine aliyeona.

Nilikimbilia jikoni kwa Nakato, mpishi wetu, Mganda. "Wewe nyamaza tu, dada yangu," akaninong'oneza. "Umegusa bunduki za watu! Hao watakukatia tiketi leo leo, kama si kukuitia polisi." Na hajakosea. Nina watoto wawili shuleni, na dawa za mama zinategemea kazi hii. Nimejaribu kukumbuka ipi ilikuwa kwenye rangi ipi, nizirudishe kimyakimya. Sikumbuki! Na kaka yao nimeshamsikia kwenye simu akiongea na mnunuzi. Zikishauzwa ndiyo basi tena.

Naogopa.

Alasiri, nikimbadilishia Baba shuka, nilimwomba msamaha sikioni kwa Kiarabu changu cha kuokoteza. Akanibana vidole kwa mkono wa kushoto, ambao bado una nguvu. Sijui kama amenisamehe, ila anasikia na anaelewa. Akionyeshwa bastola moja moja na kutajiwa majina ya wanawe, anaweza kujibu kwa mkono huo.

Ila wa kuwaambia wajaribu hivyo ni mimi, na siwezi kuwaambia bila kusema nilichofanya. Kesho, kabla hawajaenda msikitini, nitasema mbele ya wote. Wakinifukuza, wanifukuze.

Lakini wanangu nitawaeleza nini, Mungu wangu? Kwamba mama yenu amepoteza kazi kwa sababu ya kufua?