Diwani Bado Anakula

Mpendwa Mama Tabitha, shikamoo.

Naomba msaada wako wa haraka maana Ijumaa imekaribia na mimi nimekwama, ni kijana wa miaka ishirini na sita, niko Mbalibali, nyumbani tuna ng'ombe jike anaitwa Diwani, tulimpa jina hilo kwa sababu anakula kila anakopita, sasa mwezi uliopita Diwani akagoma kula, bwana mifugo akaja na binti wa chuo aliye fildi kwake, anaitwa Wegesa, na huyo Wegesa akamchoma Diwani sindano huku anamwimbia polepole, Mama, tangu nizaliwe sijaona mtu anamwimbia ng'ombe wa watu, alipomaliza akaniandikia namba yake kiganjani akasema, "Kaka, akigoma kula tena unitumie meseji."

Tatizo ni kwamba Diwani amepona. Kila asubuhi naenda zizini nikiomba Mungu nimkute hoi, namkuta anatafuna kamba. Rafiki yangu Felix anasema niandike tu kwamba kagoma, lakini Mama, huku kwetu mtu anaweza kudanganya umri wake, anaweza kudanganya hata kanisani, ila kusema ng'ombe mzima ni mgonjwa mimi siwezi, mkono unakataa. Nikaona bora meseji iwe ya kweli. Nikaanza kumchomoa Diwani majani mdomoni ili walau kwa nusu saa awe hajala, na juzi meseji iko tayari, kidole kiko juu ya kutuma, yeye akanyoosha shingo akala kofia yangu.

Mama yangu mzazi akaniona. Akadhani nimerogwa, akamwita baba mdogo Nchagwa, na Jumamosi kuna kikao cha ukoo. Baba mdogo anataka Diwani apelekwe mnadani, anasema, "Huyu ng'ombe anamchanganya kijana." Na Wegesa anamaliza fildi Ijumaa, anarudi chuoni. Nikimwandikia bila sababu ataniona mhuni, nisipomwandikia anaondoka, na mimi nampenda, nikimkumbuka hata ugali haupiti. Nitume au nisitume? Tafadhali usitaje jina langu redioni.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba. La ng'ombe, la binti na la kijiji hukuniambia nifiche, kwa hiyo nimeyasoma yote, na mabwana mifugo wa huko hawakosi kipindi hiki. Swali la kutuma au kutotuma nadhani limeshapitwa na wakati.

Pole sana. Kupenda si kosa, na kijana anayeshindwa kumsingizia ng'ombe ugonjwa nampa heshima yake. Lakini kumnyang'anya majani mdomoni mnyama aliyetoka kuugua! Una akili wewe? Binti wa watu amehangaika mpaka ng'ombe akasimama, halafu wewe unashinda zizini ukiharibu kazi yake ili upate la kumwambia. Ungefaulu, angekuja kwako na sindano, akaona ulichofanya, akaondoka bila hata kuaga.

Sasa nisikilize. Kwanza mwache Diwani ale. Pili, mwambie mama yako ukweli leo hii, umtazame usoni, maana ng'ombe hawezi kuuzwa kwa sababu ya aibu yako wewe. Hicho kikao kikikaa Jumamosi, wazee wakae wakijua wanazungumzia msichana.

Halafu uandike. Mwambie Diwani amepona, ni habari njema na ni kweli, na mtu aliyefanya kazi nzuri hupenda kuambiwa. Useme ungependa kumwona kabla hajaondoka, mchana, mahali penye watu. Tuma mara moja tu. Akinyamaza, mwache aende chuoni kwake kwa amani. Utaumia wiki mbili tatu, kisha ugali utapita. Na mwisho wa meseji uandike jina lako kamili, kwa sababu katika barua yote hii sikuona mahali alipokuuliza.