Kishikwambi cha Mama

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipozungumza Jumapili kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, goti linamsumbua asubuhi tu, na macho yako vilevile: mwanga anauona, mtu anamjua kwa sauti. Paa la jikoni nimeshaliziba. Mimi mwili mzima, mengine utayasoma.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Mara ya mwisho nilipokuandikia barua ulikuwa bado bwenini. Wiki hii nimekupigia simu mara tatu, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha. Ndipo nikashika kalamu. Tena bahasha hii ina karatasi ninayotaka uiweke mezani kwa meneja wako. Nampa muuguzi wa nyumba ya pili, anayesafiri Alhamisi kuja huko kwenye mafunzo ya kazini. Ameniahidi utaipata mkononi kabla ya kikao cha Jumatatu. Nakuomba uisome mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nianze na kazi. Dukani hali si ile unayoijua. Wateja wapo, ila vitu wanavyoleta havitaki fundi. Miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye kiti kile. Mtu akileta redio iliyokufa, naifungua, natafuta palipoungua, nabadilisha, inaimba. Siku hizi wananiletea simu zisizo na hata skrubu moja, zimebanwa kwa gundi kama bahasha. Mwezi uliopita mwalimu mmoja alileta yake, kioo kimepasuka. Nikachomoa kioo kizima kwenye simu nyingine ya aina ileile, nikakifunga bila kosa. Simu ikawaka, ikaandika kwamba kioo hiki hakitambuliki, mteja awasiliane na kampuni. Nikamweleza mwalimu kwamba kazi yangu haina dosari, ni kampuni iliyojifungia mlango. Akanitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kama angenitukana. Sikuelezi haya ili kujitetea. Nataka ujue moyo wangu ulikuwaje siku ulipokuja likizo na kile kishikwambi cha kampuni yenu.

Unaikumbuka siku hiyo. Ulikiweka mapajani mwa mama, ukamfundisha kukisemesha. Akakiuliza saa, kikamjibu. Akakiomba kimsomee habari, kikamsomea. Ukalia kwa furaha, shemeji akapiga picha. Kwenye picha ile mimi sipo, kwa sababu nilikuwa nimesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Nilikuja kutengeneza redio yake. Mama aliposikia hatua zangu aliniambia, kwa upole wake uleule, “Hiyo redio mpe anayeihitaji, baba. Mimi nimeshapata macho.” Hakuwa na ubaya wowote. Nikaibeba kwapani mpaka dukani, redio niliyoifungua kwa mikono hii mara kumi na moja, na mpaka leo sijampa mtu.

Tangu hapo, mdogo wangu, niliumwa ugonjwa usio na dawa hospitalini. Zamani mama akitaka kujua saa aliniita mimi. Chupa za dawa nilimsomea mimi. Sasa nikifika saa moja asubuhi nakuta ameshasalimiwa, ameshaambiwa kuhusu mvua, ameshasikia nani kafariki. Nikimpa habari ananiambia, “Nimeshasikia.” Wageni wakija anawaambia, “Binti yangu ndiye aliyenipa macho.” Mimi niliyekuwa nikimchotea maji ya kuoga kila siku nilikuwa pale pale, nimeshika sinia la vikombe, natabasamu kama sanamu.

Kilichonichoma zaidi ni alasiri. Alikuwa akimaliza kula anafunga mlango wa chumba na kuanza kuongea. Namsikia akicheka, anashusha sauti, anacheka tena. Nikajua anaongea na wewe. Nilikaa barazani nikijiuliza mnasema nini kisichoweza kusemwa mbele yangu. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, nilianza visa vya kitoto. Nilisukuma chaja nyuma ya kabati ili anitafute. Nilipunguza sauti ya kishikwambi ili adhani kinakufa. Akiniita, nakwenda mbio, nakirekebisha kwa dakika moja, ananibariki, nami natoka kifua mbele kama nimejenga daraja.

Halafu likaja lile sasisho. Kishikwambi kiliuliza kama kijisasishe, mama akaitikia ndiyo, kama ambavyo angemwitikia mgeni anayeomba kiti. Kilipowaka tena kilikuwa kimebadilisha sauti, vitufe vimehama, na kinamsemesha kwa lugha asiyoijua. Mama alikikumbatia kifuani, akakiambia, “Nisemeshe kama jana.” Nitakwambia ukweli: niliona vibaya, na nilifurahi. Siku tatu zile nilikuwa mtu muhimu tena.

Nilipambana na kampuni yenu mpaka nikachoka. Nilipiga simu, mashine ikaniambia nibonyeze moja, nikabonyeza, ikaniambia nibonyeze nne, nikabonyeza, ikanirudisha kwenye moja. Nikawekewa muziki dakika arobaini. Kila baada ya muda sauti inanishukuru kwa uvumilivu ambao ulikuwa umeniishia tangu wimbo wa kwanza. Kwenye mtandao wakataka tarehe ya kuzaliwa ya mwenye akaunti. Mama anaujua mwaka tu, unajua hilo. Wakataka uso wake. Nikamkalisha dirishani penye mwanga, akajifunga kitambaa kipya, akanyoosha shingo kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikamtafsiria inachosema mashine: tazama kamera. Akageuza uso kwenye sauti yangu. Tazama kamera. Akageuka dirishani. Fumbua macho zaidi. Akayafumbua mpaka machozi yakamtoka. Mwisho ikaandika kwamba imeshindwa kumthibitisha. Mama aliniuliza taratibu kama kimemkataa kwa sababu ni mzee. Hasira niliyoipata pale ilikuwa hasira safi, haikuwa na wivu ndani yake. Laiti ningebaki nayo hiyo.

Jumamosi asubuhi ndipo nikampata binadamu. Sikujua wakati ule kwamba ni rafiki yako wa dawati la pembeni, yule mnayemwita Mama Pacha. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akaniongoza hatua kwa hatua, na kabla ya nusu saa kishikwambi kilikuwa kinasema kama zamani. Mama alikuwa bafuni. Kilichofuata nilikieleza kwako kwa simu jioni ile: kwamba baada ya kukata simu kishikwambi kilizima, kilipowaka kilikuwa kitupu, na kwamba kosa ni la lile sasisho.

Mama alitoka bafuni akakaa kitandani, akakishika, akasema, “Nisomee ya kwanza.” Kikamjibu, “Karibu. Chagua lugha.” Akarudia, “Nisomee ya kwanza.” Kikamwomba akubali masharti. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nilipomuuliza ya kwanza ipi, ndipo nilipojua alasiri zile hakuwa akiongea na wewe. Alikuwa akirekodi. Miaka thelathini na minane ya ukunga, mdogo wangu, alikuwa akiihifadhi mle ndani, uzazi mmoja baada ya mwingine: nyumba ipi, nani alishika taa, mtoto alitoka vipi, baba mtu alizimia wapi. Alikuwa amefika mia moja na kumi na saba. Alisema anayasema yasije yakapotea naye. Hakupiga kelele. Alilala akaelekea ukutani, na siku mbili hakuniambia neno zaidi ya ahsante.

Wewe uliposikia ulikwenda hadi kwa meneja ukapiga meza. Ninajua, maana wiki iliyofuata alinipigia mtu wa kampuni, mkaguzi wa malalamiko, akaniuliza swali moja la kujibiwa ndiyo au hapana. Nikajibu. Jumapili ndipo uliponiambia kwamba Mama Pacha ameitwa kwenye kikao, kwamba huenda akafukuzwa kazi, na kwamba hamsemeshani kwa sababu unaamini alimponza mama yetu.

Sasa nikueleze la Jumanne. Tangu siku ya tatu baada ya msiba ule mdogo, nafunga duka saa tisa, nakwenda kukaa na mama. Yeye anasimulia, mimi naandika kwenye daftari. Tumeshafika uzazi wa ishirini na tatu. Jumanne aliniambia leo atataja wa nyumbani, akasimulia siku uliyozaliwa. Alisema alijizalisha karibu peke yake, jirani alifika kukata kitovu tu. Asubuhi yake walitafuta nguo za mtoto, hawakuona hata kipande. Nepi, kofia, shuka, vyote vimetoweka. Wakakuviringisha kwenye kanga. Mama akasema, “Zilikuwa uvunguni mwa kitanda chako. Ulikuwa na miaka minane. Ulidhani akikosa nguo atarudi alikotoka. Nilizikuta, nikazitoa, nikanyamaza.” Nilikuwa nimeinamisha kichwa, naandika. Akaendelea kwa sauti ileile, “Na safari hii nimenyamaza. Lakini naona hutaki kuzitoa mwenyewe.”

Niliweka kalamu chini. Nilimuuliza amejuaje. Akasema macho ndiyo yaliyokufa, masikio hayana shida, na mlango wa bafu ulikuwa wazi. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza wiki zote hizi. Akasema kwanza alikuwa na hasira, akaogopa angesema neno lisilorudishika. Halafu nikaanza kuja kila alasiri, akapenda nije, akaona akisema nitakimbia.

Basi nisikuzungushe. Ni mimi niliyekifuta. Mama Pacha alipomaliza kunisaidia aliniambia hivi, namnukuu kwa sababu neno lake sijalisahau hata moja: “Kaka, kwenye ukurasa huohuo chini kuna kitufe chekundu, kimeandikwa Futa Vyote. Hicho usikiguse, ukikigusa hakuna wa kurudisha.” Nikamshukuru, nikakata simu. Kutoka bafuni nikamsikia mama akiniuliza kama kimepona, nikamwambia kimepona, naye akasema, “Mungu ambariki mwanangu kwa kuniletea.” Alikusudia wewe. Mimi ndiye niliyekesha na ile mashine siku tatu. Nikakibonyeza. Kikaniuliza kwa sauti kama nina uhakika wa kufuta vyote, na mashine ile iliyonizungusha siku tatu kwa kila kitu, hapo haikutaka uso wala tarehe ya kuzaliwa. Nikabonyeza ndiyo. Mama aliniuliza Jumanne nilijisikiaje nilipobonyeza. Nikamjibu nilisikia raha, kwa muda wa kukohoa mara moja.

Na mkaguzi alipopiga, swali lake lilikuwa kama mhudumu ndiye aliyenielekeza kubonyeza kitufe kile. Nilisema ndiyo. Kampuni ina makosa mengi na nitayasema popote nikiitwa: kumkataa kipofu kwa macho yake, kubadilisha chombo cha mzee bila kumweleza, kuweka muziki mahali pa mtu. Lakini hili si lao, wala si la Mama Pacha. Yeye alikuwa mtu pekee katika jengo zima aliyetusaidia, nami nikamsingizia ili wewe usinijue.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili, fupi, niliyomwandikia meneja, na sahihi yangu chini. Wakihitaji kunisikia kwa masikio yao, nitapanda basi la Jumapili, nitasimama mbele ya kikao. Kabla ya hapo nakuomba uende kwa Mama Pacha, umwombe radhi kwa niaba yangu, na kwa niaba yako pia, maana nimekufanya umwonee mwenzako. Mwambie sina ninachodai kutoka kwake, hata msamaha.

Kwako sijui niombe nini. Miaka yote nimejiambia kwamba wewe uliondoka na mimi nikabaki, kwa hiyo mama ni wangu. Kumbe nilikuwa natunza zamu, simtunzi mama. Siandiki hili ili unihurumie. Zile simulizi mia moja na kumi na saba alizozisema hazitarudi zilivyokuwa. Nyingine anazirudia na anakwama katikati, anatafuta jina la mtoto, halipati, ananiambia niache nafasi. Nafasi hizo nazihesabu kila siku.

Mama anakusalimu sana. Anasema upunguze kazi na unywe maji ya moto. Anasema pia kishikwambi kirudishwe kwenye hali yake, anakihitaji, na kwamba mimi ndiye nitakayekaa naye kukijaza. Msalimie shemeji. Mpe pole Mama Pacha na watoto wake.

Kama hutaki kunijibu mimi, mwandikie mama. Barua nitamsomea mwenyewe, neno kwa neno, hata pale utakaponitukana.

Ni mimi kaka yako,

Fundi