Vigelegele Juu ya Ubeti Wangu

Jumamosi, 12 Juni 2004

Tumerekodi! Kwaya nzima tumebanana kwa kastudio ka Amin, huko River Road. Amin ni mtu wa Mombasa, mpole, lakini kwa mambo ya simu hana mchezo. Zimeni zote. Mama akaficha yake ndani ya sweta.

Nikaimba ubeti wangu. Sijui sauti ilitoka wapi, hata mimi nilijishangaa. Kabla nimalize, simu ya Mama ikalia. Kaka yangu Jamleck, kutoka hospitali: mkewe Njambi amejifungua salama. Ikakatika. Na Mama, bila kuuliza lolote, akapiga vigelegele vitano.

Kwetu vitano ni vya kijana. Msichana ni vitatu. Lakini Mama amesema tangu Januari kwamba hilo tumbo la Njambi ni marehemu baba anarudi.

Amin akavua hedifoni polepole. Hongera Mama, akasema. Halafu akacheka mpaka akashika meza.

Jumapili, 13 Juni

Ni msichana.

Na kwetu msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Yaani Hannah. Yaani Mama! Amejipigia vigelegele mwenyewe, tena vya kijana. Nimecheka kanisani mpaka ikabidi nitoke nje.

Mama hacheki. Anataka vitolewe kwa wimbo. Ati mtaa wote wa Kangemi utamsema.

Jumatano, 16 Juni

Nimerudia ubeti kwa Amin mpaka koo ikauma. Kila neno mahali pake, na wimbo umepoa kama chai ya jana. Ile ya Jumamosi ndiyo yenyewe, anasema, lakini vigelegele vimelalia sauti yangu. Vikitoka, inaenda navyo.

Nimelia kidogo kwa ngazi. Sitaki kumwaibisha Mama. Lakini sijawahi kuimba vile, na sidhani nitaweza tena. Amin amenipa CD nikamsikizishe Mama.

Jumamosi, 19 Juni

Kwa Jamleck, Kangemi. Mama amempakata mtoto. Amin amepiga simu: anamaliza wimbo leo, anataka jibu. Nimemwambia angoje. Nimeweka CD.

Ubeti. Simu. Vigelegele. Mama ameangalia chini.

Njambi akauliza kutoka kitandani: Mama, vitatu ni vya huyu. Hivyo viwili ni vya nani?

Mama akamwangalia yule Hannah mdogo, amelala tu. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia—kumbe anacheka.

Akasema hivyo viwili ni vyake mwenyewe. Alizaliwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, na kijijini mwao hakuna aliyethubutu kupaza sauti. Hakupigiwa hata kimoja.

Njambi akapangusa macho.

Halafu Mama akahesabu kwa vidole, akakunja uso. Viwili havitoshi. Sasa amenipa mtoto, amechukua simu, anamuuliza Amin kama mashine yake inaweza kunasa sauti kutoka Kangemi. Amebakisha kimoja.