Fundi wa Makochi Asiyeweza Kukaa

Jumatatu, 3 Machi
Nimechana kochi jipya. Zima! Nilikuwa nimelikalia na chai yangu, kama kawaida – kochi halitoki karakana hii kabla sijalikalia kwa muda wa kikombe kizima. Ndivyo nilivyojijengea jina. Kitu kikanichoma chini ya kiuno, nikasema spring hii. Nikachana kitambaa, nikatoa sponji, nikapapasa spring moja moja. Zote nzima. Shemeji Misumari, anayepigilia fremu zangu, akauliza nimegombana na nani. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Kikanichoma vilevile. Kiti cha plastiki hakina spring!

Basi ni mimi.

Jumatano, 5 Machi
Daktari wa zahanati hakuinua hata macho. Misuli hiyo, mama, pumzika. Vidonge. Pumzika! Nilianza na sindano moja na gunia la pamba, leo nina mafundi sita. Nani apumzike? Kusimama afadhali. Kulala kifudifudi, raha. Kukaa – moto, kutoka kitakoni hadi kisigino cha kushoto. Baba watoto anasema ni uzee, tuuzoee. Yeye ananizidi miaka tisa!

Alhamisi, 13 Machi
Picha ya mifupa imetoka: safi. Nilitamani waone ufa. Nimekula nimesimama, sahani juu ya friji. Baba watoto akacheka – askari wa zamu huyo! Na Misumari mchana kutwa: shemeji kapata pa kukwepea kazi. Mimi! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Jumanne, 18 Machi
Sikuwa mwongo!

Nimepigwa MRI, nimelala ndani ya bomba linalogonga kama Misumari akiwa na hasira. Daktari wa mishipa ya fahamu akanionyesha: vifuko vya maji, viwili, kwenye mizizi ya neva, kule uti wa mgongo unakoishia. Kikubwa ni sentimita mbili na nusu. Inchi moja! Sawasawa na vifungo ninavyoshonea migongo ya makochi. Si saratani. Wengi wanavyo, alisema, wanazeeka navyo bila kujua. Kuuma ni nadra. Bahati yangu hiyo. Nikikaa vinabanwa, navyo vinabana neva. Kuvinyonya kwa sindano – huenda vikajaa tena. Kupasua – neva inaweza kuguswa. Nichague. Nikamwambia nina makochi kumi na mawili ya ukumbi, yanatoka Jumamosi, nitachagua Jumatatu. Akavua miwani. Maumivu yanaweza kungoja, mama. Lakini ukifa ganzi hapo unapokalia, au mkojo ukigoma, usingoje hata saa moja. Njoo.

Nyumbani nikamwekea baba watoto picha mezani. Akaitazama, akaitazama. Halafu akaniletea mto wa kukalia. Mto! Kwani nimesema naweza kukaa?

Jumamosi, 22 Machi
Lori liko mlangoni. Kumi na moja yamepakiwa. Misumari ameyakalia kwa niaba yangu, na ile chai yake iliyojaa sukari kama uji wa mtoto. Safi, shemeji. Safi, shemeji. Kwenye la kumi na mbili nikamwona anasogeza paja. Kidogo tu. Kuna nini hapo? Akaapa hakuna kitu. Nikamwambia ondoka, nimiminie chai.

Nimekaa.

Hakuumi. Misumari anapiga makofi – shemeji kapona, kapona! Baba watoto ameingia na chakula, meno yote nje. Naandika nimekaa, daftari juu ya goti, na kikombe kimeisha. Nimejisogeza kushoto. Kulia. Nimepitisha mkono chini ya aproni, nikajifinya kitako kwa nguvu. Spring siipati. Sponji siipati. Mkono wangu wenyewe siupati – kama nimekalia hewa.

Dereva anapiga honi. Misumari anauliza lipakiwe au lisipakiwe. Wote wananitazama, wanangoja niseme kochi likoje.