Maelezo kuhusu Pampu ya Landrova ya Mzee Nashoni

JESHI LA POLISI TANZANIA
MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo: Tarime. Tarehe: 17/06/2024

Jina: Boke Wangwe. Umri: miaka 54. Kazi: mkulima, nauza ndizi sokoni. Elimu: darasa la saba. Makazi: Turwa.

Mnamo tarehe 14/06/2024, saa nne asubuhi, nilikuwa nyumbani. Mimi ni mke mkubwa. Mke mdogo ni Christina, nyumba yake iko hapohapo ndani ya boma letu. Mwanangu Sadock ni fundi wa injini za dizeli. Fundi kwelikweli afande, wanamfuata hadi watu wa Sirari. Mtoto wa Christina, Stanslaus, naye anajiita fundi.

Siku hiyo Sadock alikuwa hapo bomani anapima taiming ya pampu ya dizeli, yaani wakati inaposukuma dizeli kwenye injini, kwenye Landrova ya zamani ya Mzee Nashoni wa Ringwani. Alifungua bomba moja juu ya pampu, akawa anazungusha injini polepole kwa spana akiangalia dizeli inavyodondoka. Dizeli ikikata, alama ya injini inatakiwa iwe mahali pake.

Stanslaus akaja, akasimama mikono nyuma. Baba yao alishakataza: kazi iliyopokelewa nyumba moja, nyumba nyingine haigusi mpaka iitwe. Niliweka kigoda mlangoni nikawa namlinda, maana angeshika spana mara moja tu, kesho Christina angetangaza sokoni kwamba mwanawe ndiye aliyetengeneza.

Sadock alipitiliza alama, akairudisha injini nyuma. Stanslaus akasema, "Mura, ukirudisha nyuma meno ya gia yanaachana, kipimo kinakudanganya. Anza upya, zungusha mbele."

Sadock akamjibu, "Kafundishe kuku wa mama yako."

Nilicheka sana. Nikasema, "Stanslaus, wivu utakuua, nenda kwenu."

Akasema, "Sawa, mama mkubwa." Lakini hakuondoka. Sadock hakuanza upya, akakaza boliti za pampu hivyohivyo, na saa saba Mzee Nashoni akaondoka na gari lake.

Kesho yake injini iligonga njiani, pistoni ikatoboka. Sadock akaja hapa kusema Stanslaus alilegeza boliti za pampu, ndiyo maana mmemweka ndani. Jana Christina alipita mlangoni kwangu na chakula cha mahabusu. Hakunisalimia.

Umeniuliza kama nilimwona Stanslaus akigusa pampu. Afande, nilitamani kusema ndiyo. Hakugusa. Sikumtoa machoni tangu alipofika mpaka gari lilipotoka. Uji uliungua jikoni, harufu nikaisikia, nikauacha. Hakuna mwingine anayeweza kukuambia hivyo.

Uandike pia kwamba Sadock bado ni fundi kumshinda yeye.

Niliyoyaona ni hayo, nimesomewa na ni sahihi.
Sahihi: B. Wangwe

Maelezo ya askari: Yameandikwa na mimi, Koplo Felix. Baada ya kusaini, shahidi aliomba Christina asiambiwe nani amesema. Nimemweleza haiwezekani. Amekaa kwenye benchi, kisha ameniuliza Stanslaus anatoka saa ngapi.